Namba kumi kwa korosho za mwakani

Leo nataka tubishane kuhusu mpira, ila naomba mnivumilie kwa sababu nitaanzia mbali, Marekani, kabla sijafika Kibiti.

Wamarekani wana mpira wao ambao mguu hauna kazi kubwa lakini bado wanauita mpira wa miguu. Haya, ni mambo yao. Katika mpira huo kuna mchezaji anaitwa kwotabeki. Huyo ni namba kumi, nahodha na nusu kocha kwa wakati mmoja. Karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake, na timu isiyokuwa na kwotabeki wa maana inaweza kuhangaika miaka kumi. Sasa, kila mwaka timu zao 32 zinakaa kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, kwa raundi saba. Zoezi hilo linaitwa drafti (siyo ile ya vizibo vya soda pale kijiweni). Aliyeburuza mkia anachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho. Utamu uko hapa: zamu inauzika. Ukimtaka kijana fulani na zamu yako iko mbali, unamwendea mwenye zamu ya mbele, unampa zamu yako ya mwaka huu, na ya mwakani, na pengine ya mwaka unaofuata huo, mradi akupishe.

Ubishi wenyewe ndio huu. Ni akili au ni wazimu kutoa kesho yako yote kwa ajili ya mtu mmoja?

Mtu wa Kibiti hahitaji kuelezwa mara mbili. Yeye anaijua kangomba. Mwezi wa sita korosho hazijawa korosho bado, mtoto anadaiwa ada, mama anaumwa, anatokea jamaa na noti mkononi. Anakununulia mzigo ambao bado uko juu ya mti, kwa bei yake yeye. Mnada ukifunguliwa na bei ikatangazwa, wewe unasimama pembeni unatazama magunia yako yakipandishwa kwenye gari la mwingine. Mwaka 2018, pale serikali ya Rais Magufuli ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaingia kwenye kazi ya kusomba, watu wa kangomba walitafutwa kweli kweli. Kangomba haikuisha. Itaishaje wakati dhiki yenyewe ipo?

Kwa hiyo mimi nikisoma habari za timu ya Marekani iliyouza zamu zake za miaka mitatu, sioni kitu kigeni. Naona korosho.

Chukua timu ya San Francisco. Mwaka 2021 walitoa zamu zao tatu za raundi ya kwanza, za miaka mitatu mfululizo, na moja ya raundi ya tatu juu yake, ili wasogee hadi nafasi ya 3. Wakamchukua kijana anaitwa Trey Lance. Alianza mechi nne tu akiwa na timu hiyo. Akavunjika kifundo cha mguu, na Agosti 2023 wakamwachia Dallas kwa zamu moja ya raundi ya nne. Wakati huohuo, mwaka 2022, walikuwa wamemwokota Brock Purdy katika zamu ya mwisho kabisa, ya 262. Hao wa mwisho kule wana jina lao la utani, Bwana Asiye na Maana. Bwana huyo asiye na maana ndiye aliyewafikisha kwenye fainali ya Februari 2024.

Mpaka hapo mnadhani nimeshamaliza, si ndiyo? Walioko kwenye kambi ya "lea vijana wako" wanapiga makofi. Ngojeni kwanza. Ile fainali ya 2024 San Francisco walifungwa 25 kwa 22 katika muda wa nyongeza, na aliyewafunga ni Kansas City ya Patrick Mahomes. Na Mahomes alipatikanaje? Mwaka 2017 Kansas City walikuwa na zamu ya 27. Wakatoa hiyo, wakaongeza ya raundi ya tatu, wakaongeza ya raundi ya kwanza ya 2018, wakasogea hadi ya 10 wakamchukua. Ubingwa huo wa 2024 ulikuwa wake wa tatu. Yaani waliuza korosho za mwakani wakapata mashine ya kubangua.

Ndiyo maana sipendi majibu ya mkato kwenye jambo hili. Tofauti siyo kwamba huyu aliuza na yule hakuuza. Angalia alikofikia Mahomes. Kansas City ilikuwa imeshinda mechi 12 kati ya 16 msimu uliotangulia, ina kocha mzoefu Andy Reid, na ina kwotabeki mwingine, Alex Smith, anayefanya kazi vizuri tu. Mahomes akakaa benchi karibu msimu mzima anajifunza. Alianza mechi moja, ya mwisho. Hakuna aliyemtegemea aiokoe timu Jumapili ya kwanza.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuna drafti. Lakini ubishi ni uleule, na kila dirisha la usajili likifunguliwa Kariakoo nzima inakuwa kama imepandwa na mapepo. Nani anashuka uwanja wa ndege, kavaa kofia, kaficha sura.

Yanga walimchukua Stephane Aziz Ki kutoka ASEC Mimosas mwaka 2022. Wengi wanakumbuka sherehe, wachache wanakumbuka alikuta nini. Alikuta timu iliyochukua ubingwa wa 2021/22 bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Alikuta kocha Nabi ameshaweka mfumo, na mbele yuko Fiston Mayele anafunga. Msimu wa kwanza Aziz Ki hakuwa mfalme wa kila kitu, na timu haikufa kwa sababu hiyo. Ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, ikalikosa kombe mbele ya USM Alger kwa bao la ugenini tu. Mayele akauzwa Pyramids. Hapo ndipo Aziz Ki akashika usukani: mabao 21, mfungaji bora wa ligi 2023/24. (Lile shuti la Pretoria dhidi ya Mamelodi mwezi wa nne 2024 silizungumzii. Mwenye macho aliona.) Mwaka 2025 akaenda zake Wydad, na Yanga haikuvunjika. Huyo ni Mahomes wetu kwa maana ya njia aliyopitishwa.

Upande wa pili wa mtaa mambo yalikuwa tofauti. Simba walikuwa mabingwa mara nne mfululizo kuanzia 2018 mpaka 2021. Agosti 2021 waliwaachia kwa mpigo Clatous Chama kwenda Berkane na Luis Miquissone kwenda Al Ahly. Miaka minne iliyofuata ubingwa ukaenda Jangwani, yote minne. Sisemi ni kwa sababu ya hao wawili tu. Nasema kwamba baada ya hapo kila dirisha Msimbazi ilitafuta mtu mmoja wa kuziba pengo, na mtu mmoja hazibi pengo la watu kumi na mmoja. Chama mwenyewe alirudi Januari 2022, na ubingwa haukurudi naye. Walipotulia mwaka 2024, wakaleta damu changa nyingi kwa pamoja badala ya jina moja kubwa, ndani ya msimu mmoja walikuwa kwenye fainali ya Shirikisho na Berkane. Walifungwa 2-0 kule na sare ya 1-1 Zanzibar, sawa, lakini njia ilionekana.

Mashabiki wa Simba msinitumie matusi, hayo yameshapita.

Niliyoyaona delta ndiyo yaliyonifanya niandike haya yote. Nilikwenda kikazi. Basi unapanda Mbagala Rangi Tatu, unapita Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, ukifika Bungu unaacha lami ya Kilwa unakata kushoto kwenda Nyamisati. Kutoka hapo ni boti. (Najua Kibiti ikitajwa wengi wenu mnakumbuka 2017, mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, na mwandishi mwenzetu Azory Gwanda ambaye hajaonekana tangu Novemba ya mwaka ule. Sijasahau. Lakini watu wa kule wanacheka pia, wanaoana, wanacheza mpira, na leo niko uwanjani.)

Kijiji sitakitaja. Uwanja uko nyuma ya shule, mchanga wa chumvi, magoli ni boriti za mikoko. Saa ya kuanza mechi haipangwi na refa, inapangwa na maji. Wageni wamekuja na boti, na maji yakipwa mfereji unakauka boti zinalala kwenye tope, kwa hiyo fainali ikianza saa nane imeanza saa nane. Nimeripoti mechi nyingi Dar ambazo zingehitaji mwamuzi wa aina hiyo.

Zawadi ilikuwa ng'ombe. Timu ya kijiji ilikuwa na mfuko wa michango: wavuvi wa kamba walitoa, wenye mashamba ya mpunga walitoa, hata akina mama wanaouza chapati walitoa. Fedha ile ilichangwa kwa kazi moja, petroli ya boti na chakula cha timu ya vijana iende kucheza Kibiti mjini, mashindano ya ngazi ya wilaya, mahali ambapo mtu wa kutoka nje ya delta angeweza kuwaona. Wiki moja kabla ya fainali ya ng'ombe kamati ikakaa, ikaamua kuchukua ule mfuko na kuleta mamluki watatu kutoka Dar. Mamluki mnawajua, wale wachezaji wa kukodi wa ndondo. Wawili walikuwa wa kawaida. Wa tatu alikuwa namba kumi kweli. Alikuwa na kitambi kidogo, hakimbii, lakini akiupata mpira uwanja mzima unanyamaza.

Na walishinda! Hilo lazima niliseme kwa sababu kama wangefungwa makala hii ingekuwa rahisi sana kuandika. Walishinda 2-0, yote mawili kapiga yeye, moja la faulo mpira ukapinda kama umefungwa kamba. Watu wazima walilia. Ng'ombe alichinjwa jioni ile na mimi nilikula, tena sana.

Kijana anayecheza nafasi ile siku zote, mwenye miaka kama 16, wa mguu wa kushoto, alikaa benchi dakika zote 90 kavaa jezi. Na mashindano ya wilaya yalipofika, boti haikuondoka. Petroli haikuwepo.

Nilimfuata mzee mmoja wa kamati, nikampa shikamoo, nikamuuliza kuhusu ule mfuko. Hakukasirika. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umekuja jana unaongea habari za kesho. Kijiji hiki hakijashika kombe tangu watoto hawa hawajazaliwa. Tukifungwa tena, msimu ujao nani atachanga? Atachangia nini?" Akaongeza kwamba yule kijana yupo tu, hakimbii popote, mwakani atacheza.

Hoja ya mzee ina uzito, na watu wa "jengeni vijana" huwa wanaipita haraka. Timu inaishi kwa imani ya watu wake. Shabiki anayetoa mia tano yake hatoi kwa ajili ya mpango wa miaka mitano, anatoa kwa ajili ya Jumapili. Ukimwambia subiri, subiri, subiri, mwishowe anahamia kwenye kibanda cha kuonyesha mpira akaitazame Arsenal. Mwaka 2017 Simba walimrudisha Emmanuel Okwi, akafunga mabao 20, wakachukua ubingwa waliokuwa hawajauona tangu 2012. Nani alithubutu kuwaambia mashabiki wa Simba kwamba wangesubiri?

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema usiuze kesho hata siku moja. Ninachouliza ni swali jingine, nalo ndilo mzee alilikwepa kwa upole: korosho zinazouzwa ni za nani?

Tazama Carolina. Mwaka 2023 walitoa zamu ya 9 na ya 61 za mwaka ule, ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na mchezaji wao mzuri DJ Moore, wakaipata zamu ya kwanza kutoka Chicago na kumchukua Bryce Young. Msimu ule wakashinda mechi mbili, wakafungwa 15. Wakaburuza mkia. Maana yake ile zamu ya 2024 waliyokuwa wameshaiuza ikageuka kuwa zamu ya kwanza kabisa, na Chicago wakaitumia kumchukua kwotabeki wao, Caleb Williams. Kocha Frank Reich alifukuzwa Novemba 2023, baada ya mechi 11 tu. Meneja Scott Fitterer alifukuzwa Januari 2024. Deni lilipofika mlangoni, waliokopa walishahama nyumba. Aliyebaki kulilipa ni kijana Young, ambaye hakumwomba mtu yeyote amnunue kwa bei ile.

Huo ndio ugonjwa wenyewe, na ni uleule Carolina, Kariakoo na delta. Anayeamua kuuza ana haraka kwa sababu muda wake ni mfupi. Kiongozi wa klabu anatazama uchaguzi. Kocha anatazama mechi tatu zijazo. Mzee wa kamati, kwa heshima zote, anatazama ng'ombe. Mwenye muda mrefu ni yule kijana wa benchi, na hana kura kwenye kikao. Wakati mkulima anauza kwa kangomba angalau anauza korosho zake mwenyewe. Kamati ile iliuza petroli ya mtu mwingine.

Halafu kuna hesabu ambayo klabu zetu ndogo hazipigi kabisa. Sheria za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 ni robo ya asilimia moja ya ada. Kuanzia 16 ni nusu asilimia. Kwa ada ya dola milioni moja, msimu mmoja wa kijana wa miaka 16 ni dola 5,000. Zaidi ya shilingi milioni 12. Hebu fikiria ni petroli kiasi gani hiyo kwenye boti ya Nyamisati! Tangu Novemba 2022 FIFA wana chombo maalumu cha kukusanya na kugawa fedha hizo, ila chombo hicho kinasoma kumbukumbu za usajili. Usipokuwa na klabu inayotambulika, kijana asipoandikwa mahali, wewe hukumlea. Basi.

Msiniambie ni ndoto. Mbwana Samatta ni mtoto wa Mbagala, palepale mabasi ya Kibiti yanapogeuzia. Alitokea African Lyon, ile iliyokuwa ikiitwa Mbagala Market, akapita Simba msimu mmoja, 2011 akaenda TP Mazembe, 2015 akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika, Januari 2016 akaenda Genk, Januari 2020 akaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kila aliposhuka kituo kimoja na kupanda kingine kulikuwa na ada inalipwa. Kutoka Mbagala mpaka Kibiti ni saa chache tu za basi. Na ukipita Mbagala hiyohiyo, Chamazi kuna akademi ya Azam. Kijana wa delta hajakosa kipaji, amekosa boti ya kumfikisha barabarani.

Mimi ningeruhusu kamati imlete namba kumi yeyote inayemtaka, kwa masharti mawili. Fedha iwe imechangwa kwa kazi hiyo, watu wakijua wanachanga kwa ajili ya mamluki na ng'ombe. Mfuko wa vijana ukae kwa mwalimu wa shule na usiguswe hata kombe likiwa la dhahabu. Na huyo namba kumi aje siku tatu kabla, afanye mazoezi na yule wa mguu wa kushoto, amwonyeshe ile faulo inavyopigwa. Mahomes alipewa msimu mzima nyuma ya Alex Smith. Kijana wetu apewe siku tatu tu.

Nilimwambia mzee hayo wakati boti inawashwa. Sharti la pili alilipenda papo hapo. La kwanza alisema wataliangalia baada ya mavuno.